Jinsi ya Kutengeneza Mshumaa Usioruhusiwa Kuwashwa

Mshumaa wa kawaida hauhitaji mwongozo. Uko dukani kwa Mangi, mwembamba, mweupe, na hata mtoto wa darasa la pili anajua kazi yake: umeme ukikatika unauwasha, unadondosha matone mawili matatu kwenye kisosi, unausimamisha juu yake kabla hayajaganda, maisha yanaendelea. Mwongozo huu hauhusu mshumaa huo. Unahusu ule mnene wa mapambo, unaosimama wenyewe bila kinara wala glasi, unaoonekana kwenye picha za sebule za watu wenye makochi meupe. Umeuona, umeupenda, umeuliza bei, umecheka kidogo, kisha ukajiambia kwamba unaweza kuutengeneza mwenyewe nyumbani kwa nusu ya gharama.

Hiyo nusu ya gharama isahau mapema, utaokoa machozi.

Kabla hatujawasha jiko, tujiandae na majirani. Kwetu mtu akisema anatengeneza mishumaa nyumbani, watu wanaelewa kwamba amehudhuria semina ya ujasiriamali, ile ya sabuni ya maji, batiki na mishumaa, na papo hapo wataanza kukuuliza bei ya jumla ni kuanzia mingapi. Usijaribu kuwaeleza kwamba unajiburudisha tu. Burudani inayoeleweka ni mpira, taarabu na nyama choma. Mtu mzima anayechemsha nta Jumamosi mchana bila nia ya kumuuzia yeyote huwekwa kwenye maombi ya jumuiya. Sema bado uko kwenye majaribio. Majaribio yanaheshimika, na hakuna anayeuliza yataisha lini.

Tuje kwenye nta. Inayotumiwa na wengi ni nta ya parafini, zao la mafuta ya petroli, inayouzwa kwa kilo kwenye maduka ya kemikali na malighafi za sabuni. Ulizia inayoyeyuka kati ya nyuzi joto 58 na 62. Ya chini ya hapo ni laini mno kwa mshumaa unaotakiwa kusimama kwa miguu yake. Hiyo ni ya kumiminwa kwenye glasi. Muuzaji atakusikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote, kisha atakuambia, “Ipo ya aina moja tu, bosi.” Chukua hiyo hiyo.

Kwa sababu ya muuzaji huyo, ongeza asidi ya steariki, ambayo wengi huiita stearini. Gramu 100 kwa kila kilo ya nta huifanya iwe ngumu, iwe nyeupe ya kuiva, na itoke kwenye kalibu bila ugomvi. Hii si dawa ya jana. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeichambua kutoka kwenye shahamu ya wanyama, na mwaka 1825 yeye na mwenzake Gay-Lussac wakapata hataza ya kutengenezea mishumaa, watu wakaanza kuachana na ile ya zamani iliyonuka mafuta ya kondoo. Chevreul aliishi miaka 102. Siwezi kudai kwamba ni kwa sababu ya mishumaa, lakini siku mwenzako atakapouliza burudani hii ina faida gani, mtaje.

Wenye fedha na msimamo hutumia nta ya nyuki. Hapa hakuna haja ya kuagiza ng'ambo: misitu ya miombo ya Tabora na Katavi imejaa mizinga, na nta yake ilikuwa ikisafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, rangi yake ya dhahabu haidai rangi nyingine, na harufu ya asali inakuja bure. Nyuki hula kilo kadhaa za asali ili watoe kilo moja ya nta, kwa hiyo usishangae ukitajiwa bei, wala usiitaje mbele ya mtu ambaye angependa asali hiyo aipake kwenye mkate. Ubaya wake ni kung'ang'ania kalibu. Iweke kiporo hadi utakapokuwa umeharibu parafini ya kutosha.

Sasa sufuria. Nta haipashwi moja kwa moja juu ya moto. Unaweka maji kwenye sufuria kubwa, ndani yake unaingiza sufuria ndogo, au kopo tupu la maziwa ya unga, lenye nta. Maji yanachemka, nta inayeyuka taratibu na haiwezi kuvuka nyuzi 100. Sharti ni moja: chombo cha nta kisipikiwe tena chakula. Katika nyumba ya Kitanzania chombo cha namna hiyo hakipo. Ipo sufuria ya wali, ya maharage, ya chai, na ile kubwa ya shughuli ambayo ukiigusa ukoo mzima unapata habari. Kila moja ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana kumbukumbu nzuri. Nunua mpya, iandike NTA kwa rangi ya kucha, ifiche juu ya kabati. Ijumaa inayofuata utaikuta jikoni ikiwa na pilau.

Hapa naweka mzaha pembeni kidogo. Nta ya parafini ikifika karibu nyuzi 200, mvuke wake unaweza kudaka moto wa jiko. Hufika huko maji ya sufuria ya chini yakikauka huku mpishi yuko kwenye simu, kwa hiyo ongeza maji na usiondoke. Ikishika moto, zima gesi, funika kwa mfuniko, usiiguse hadi ipoe kabisa. Usimwagie maji hata tone: hugeuka mvuke papo hapo na kurusha nta inayowaka ukutani, kwenye pazia na usoni kwako. Watoto na paka wawe nje. Nta iliyobaki usiimwage kwenye sinki, itaganda ndani ya bomba, na fundi bomba atakayekuja atakuuliza maswali ambayo hata mahakamani hayaulizwi.

Ndipo tunafika kwenye utambi, ambao ndio roho ya shughuli yote na ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Anayeanza huchukua uzi wa kushonea magunia, akauchovya kwenye nta, akasema inatosha. Haitoshi. Kinachowaka kwenye mshumaa si utambi hasa, ni mvuke wa nta: nta inayeyuka, inapanda kwenye nyuzi za utambi, juu kwenye joto inageuka mvuke, mvuke ndio unaoshika moto. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaeleza vijana jambo hili mjini London katika mihadhara ya Krismasi ya mwaka 1860 hadi 1861, mihadhara sita, yote juu ya mshumaa. Ukitaka kuhakikisha, puliza mshumaa uzimike, kisha haraka sogeza kiberiti kinachowaka kwenye ule moshi mweupe unaopanda. Moto utashuka kwa kufuata moshi na kuurudia utambi ambao hukuugusa. Waonyeshe watoto. Ndiyo dakika pekee ambayo kazi yako nzima itaonekana ina akili.

Utambi mwembamba mno huchimba shimo katikati ya mshumaa, ukazama kwenye dimbwi lake mwenyewe na kufa. Mnene mno hutoa moshi na kupaka dari masizi. Nunua wa pamba uliosukwa, kwa kuwa uliosukwa hujipinda unapoungua, ncha yake ikatoka nje ya mwali na kuteketea yenyewe; kabla watu wa Ulaya hawajaanza kuusuka, katika karne ya 19, ilibidi mtu akae na mkasi akipunguza ncha kila baada ya muda. Lakini unene upi? Inategemea upana wa mshumaa, aina ya nta, rangi na manukato, yaani hutaujua hadi utengeneze mshumaa, uuwashe, uuone ukishindwa, utengeneze mwingine. Na kwa vile mshumaa wa mapambo hauwashwi, hutaujua kamwe, na wageni wako hawataujua, na sifa zako zitabaki palepale. Wengi wanaoitwa mafundi katika burudani hii wamefika walipofika kwa njia hiyo.

Kalibu za alumini na silikoni zipo, kwa wanaoagiza. Sisi tuna bomba la plastiki la inchi tatu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba kipande cha sentimita 15. Utakatiwa huku ukiulizwa choo chenyewe kiko wapi. Lipasue kwa urefu upande mmoja ili mshumaa uweze kutoka, ubane mpasuo kwa selotepu pana, paka ndani mafuta ya kupikia kidogo sana, kisha lisimamishe juu ya kibao na uzibe chini kwa ule udongo wa rangi wa watoto wa chekechea. Ukiona hayo yote ni mengi, boksi la juisi lililooshwa na kukaushwa linafanya kazi vilevile, linatoa mshumaa wa pembe nne, na kulitoa ni kuchana tu.

Kiasi cha nta hakikisiwi. Kabla ya kupasua bomba, ziba chini, lijaze maji, pima maji hayo, zidisha kwa 0.9, kwa sababu nta ni nyepesi kuliko maji. Bomba la upana wa sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 15 huchukua mililita 660 hivi za maji, ambayo ni karibu gramu 600 za nta. Baada ya hapo likaushe vizuri. Na liweke kwenye sinia, maana kalibu itavuja. Wewe jiandae tu itavujia wapi.

Rangi ya chakula usiitumie. Ni ya maji, na nta na maji hawajawahi kupatana. Itajikusanya chini kwa vitone vidogo na kukudharau. Krayoni za mtoto nazo hapana: rangi yake ni vumbi linaloziba utambi. Najua hutauwasha, lakini mtoto ataidai krayoni yake ya bluu hadi aingie sekondari. Tafuta rangi ya mishumaa, inayoyeyuka kwenye mafuta, na utie kidogo kuliko unavyotamani. Manukato yawe ya mafuta, gramu 60 kwa kilo ya nta. Ukizidisha, mshumaa utatoa jasho. Pafyumu yenye spiriti haichanganyiki. Na kile kichupa cha udi cha bibi, kilichopimwa kwa tola na kufungwa ndani ya leso ndani ya sanduku, usikitazame hata kwa jicho la pembeni.

Haya, kumimina. Utambi umefungwa kwenye kijiti cha mishikaki kilicholazwa juu ya mdomo wa kalibu, umenyooka katikati. Nta iko nyuzi 80 hivi. Mimina polepole, gonga kalibu pembeni ili mapovu yapande, kisha vuta kigoda ukae. Mwanzoni nta ni angavu, utambi unaonekana hadi chini. Baada ya dakika chache ukingo unaogusa kalibu unaanza kufifia na kuwa mweupe, weupe unasogea kuelekea katikati pete kwa pete, juu inatanda ngozi nyembamba inayotetemeka kila mtu akipita na miguu mizito. Halafu katikati panadidimia. Nta hupungua ujazo kwa asilimia 10 hivi inapoganda, na inajivuta kutoka kandokando ya utambi, hadi linabaki shimo la kuingiza kidole. Wengi huacha burudani hapa. Usiache. Toboa matundu mawili matatu kando ya utambi kwa kijiti kingine, subiri, kisha jaza shimo kwa nta ya akiba, bila kuvuka kimo cha mwanzo. Ukivuka, itapenya kati ya mshumaa na kalibu na utahitaji seremala. Hiyo akiba, kama ilivyo desturi ya miongozo, inatajwa baada ya wewe kumimina nta yote.

Uache hadi kesho. Wa kwenye friza hupasuka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mwenye pupa ya nta hutoa nusu ya mshumaa, nusu ya pili ikabaki kwenye bomba.

Kwenye mapambo napendekeza mtindo wa barafu. Simamisha mshumaa mwembamba katikati ya kalibu, uzungushie vipande vya barafu, mimina nta. Barafu ikiyeyuka unamwaga maji, unabaki na mshumaa wenye mapango na vichochoro ambavyo hakuna anayeweza kukwambia umevikosea. Ndiyo, ndani yake umeficha mshumaa wa dukani kwa Mangi. Siri hiyo ni yetu. Watu wa pwani hupenda kubandika makombe, karafuu na vijiti vya mdalasini. Karafuu na mdalasini vikae nje kabisa, maana moto ukivifikia navyo vinawaka, na mshumaa wenye tambi hamsini si pambo tena.

Kuna wanaodhani mishumaa minene yenye nakshi ni mambo ya mitandaoni. Wakatoliki wanao mshumaa wa Pasaka, na paroko asingekubali kuulinganisha na wako. Katika kesha la Pasaka huchorwa msalaba, Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, na kuchomekwa chembe tano za ubani. Ule lakini unawashwa, usiku, mbele ya umati, na unawashwa tena kwenye ubatizo na kwenye mazishi. Sijapata kusikia mzee wa kanisa akisema jamani uacheni, huo ni wa mapambo.

Wako utaupeleka sebuleni. Ukiishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ujue kwamba nta haisubiri kufika nyuzi 58 ndipo ilegee: mshumaa ulioachwa dirishani kwenye jua la Februari utaukuta jioni umeinama kama muumini aliyesinzia katikati ya mahubiri. Wa kwenye gari lililoegeshwa juani usiuulizie. Watu wa Njombe na Arusha hawana shida hii, na watakukumbusha. Vumbi nalo hupenda nta. Lifute kwa soksi ndefu ya nailoni, maana kitambaa kikavu cha kawaida huacha mikwaruzo.

Kisha umeme utakatika. Utakatika saa mbili usiku, taarifa ya habari haijafika kwenye michezo, na sebuleni atakuwepo shangazi aliyekuja mjini kutibiwa jicho.

“Mwanangu, si uwashe huo mshumaa wako?”

“Huo hauwashwi, shangazi. Ni wa mapambo.”

“Unampamba nani na giza lote hili?”

“Ukiwashwa utaharibika.”

Kimya. Kisha utamsikia akirudia polepole, kwa sauti ya mtu anayeweka maneno akiba ya kwenda kuyasimulia kijijini: “Mshumaa, ukiwashwa, unaharibika.” Na baada ya hapo: “Haya baba, nishike mkono basi, nataka kwenda msalani.”

Utamtuma mtoto dukani kwa Mangi na tochi ya simu. Mangi atasema mishumaa imeisha, mtaa mzima umeshaichukua. Shangazi atakuwa ameketi akikusubiri, hasemi kitu, na hapo ndipo sura ya mwisho ya mwongozo huu, ambayo hukuipanga, inapoanza.

Kata utambi ubaki milimita sita. Weka mshumaa kwenye sahani, mbali na pazia na upepo wa dirishani. Washa. Mara ya kwanza mshumaa mnene unatakiwa uwake saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana wake, ili dimbwi la nta lifike karibu na ukingo. Ukizimwa kabla, utazoea kuchimba shimo katikati na hautapona. Wako ni wa sentimita 7.5, kwa hiyo ni saa tatu. Umeme ukirudi mapema, zima taa, mkae na shangazi hadi zitimie.